Mkono wa Mkuu wa Ngome

Ngome ya Wolkenrode, tarehe 3 Septemba 1521

Kaka Ludeke,

Anayekuletea barua hii ni Tile mchoma mkaa. Hajui kusoma, na ndiyo sababu nimemchagua. Mpe bia, mpe pa kulala, kisha mrudishe na jibu.

Watawala wa kusini wametufikia. Jumamosi walivuka mto, wakalichoma ghala la zaka la Askofu, na sasa hema zao ziko kwenye mashamba ya Ebbekehusen. Wanakijiji wote wamekimbilia kwetu na ng'ombe wao, watu sitini na kitu. Ua umejaa mavi na watoto. Askari tunao kumi na wanne.

Mume wangu Bartold alipigwa risasi ya paja pale kivukoni. Anasema si kitu, na anamtukana kila anayemuuliza hali. Lakini kidonda kimeanza kunuka, na jana aliniambia nimwandikie barua zake kwa kuwa mkono wake unatetemeka.

Wewe umekaa miaka tisa ofisini kwa Askofu ukinakili hati za mpaka huu, kwa hiyo unajua kuliko mimi kama nchi hii kati ya mto na msitu ni ya Askofu au ni ya watawala. Mimi najua jambo moja tu. Bartold aliapa kumshikia Askofu ngome hii, na Askofu aliapa kutuletea watu tukizingirwa. Sasa tumezingirwa. Mkumbushe.

Dada yako,
Alheyd

*

Kambini, Ebbekehusen, tarehe 5 Septemba

Kwa Bartold, mkuu wa ngome ya Wolkenrode

Bartold, kichwa jiwe,

Nilipoambiwa ni wewe uliyemo humo ndani, nilicheka kwanza, kisha nikakasirika. Mimi na wewe tulikula panya pamoja vitani Frisia, na leo mabwana zetu wanagombea kinamasi na vijiji vinne, basi ndiyo tupigane risasi?

Masharti yangu ni haya. Utoke langoni, unipe mkono wako mbele ya mashahidi, na watu wako wataondoka na nguo zao na ng'ombe wao. Isipokuwa Henneke na wanawe wawili, waliochoma nyumba ya ushuru ya watawala. Hao Bwana Aschwin, mwenzangu katika uongozi wa kambi hii, ameapa kuwanyonga, na kamba ameshazikata.

Lakini lazima uje wewe mwenyewe. Unaijua desturi: ngome isiyo na mkuu haina mtu wa kupewa masharti. Huingiwa tu.

Cord, aliyekuwa rafiki yako na angependa kuendelea kuwa

*

Wolkenrode, tarehe 6 Septemba

Kwa Cord, kiongozi wa kambi ya watawala

Cord,

Mke wangu ananiandikia, maana mkono wangu umeteguka. Nimeyasoma masharti yako nikiwa kitandani na mguu umeinuliwa juu ya mto, na hayakunifanya nitake kushuka.

Henneke na wanawe wamekula mkate wangu. Simtoi mgeni wangu akanyongwe ili mimi nirudishiwe ng'ombe. Mwambie huyo Bwana Aschwin kamba zake azifungie suruali.

Bartold

*

Wolkenrode, tarehe 7 Septemba

Kaka,

Ukimaliza kusoma barua hii, ichome, na usubiri hapo hapo mpaka iwe majivu.

Bartold amefariki. Alikata roho juzi adhuhuri, saa chache kabla mpiga ngoma wa Cord hajaleta masharti. Siku mbili za mwisho hakunijua. Aliniita kwa jina la farasi aliyekuwa naye zamani, akanisihi nisichoke. Mimi na Gese mpishi tulimwosha, tukamzika chini ya sakafu ya ghala la nafaka, na juu yake tukapanga mapipa ya kabichi. Anajua Gese, na sasa wewe. Basi.

Utaniuliza kwa nini. Askari walimwapia yeye, hawakuniapia mimi. Wakijua hayupo, nusu yao watashuka ukutani usiku huu, na waliobaki watafungua lango wapate kujiokoa. Cord akijua, hana tena mtu wa kumpa masharti, na Aschwin ataingia na kamba zake. Mmoja wa wale wana wa Henneke ana miaka kumi na saba.

Kwa hiyo barua ya jana kwa Cord niliiandika mimi. Nilikaa nikajiuliza Bartold angetukana vipi, nikatukana hivyo hivyo. Kila asubuhi naingia chumbani kwake na bakuli la uji, nafunga mlango, naunywa, natoka na bakuli tupu. Nikiwa ndani namsemesha kwa sauti. Jana nilimgombeza kwa kukataa kubadilisha bandeji, na askari wa mlangoni akacheka.

Leta hao watu, Ludeke. Hata mia tu. Wakionekana kwenye ukingo wa msitu, Cord atarudi nyuma ya mto na mimi nitaweza kulia.

Alheyd

*

Lindenstede, tarehe 11 Septemba

Dada yangu mpenzi,

Nimeichoma. Namwombea Bartold, aliyekuwa mtu mwema kwangu hata pale aliponiita panya wa makaratasi.

Nimezungumza na walio karibu na Askofu. Mambo yanakwenda, ingawa polepole, kama unavyojua ofisi yetu. Wapanda farasi mia tatu wanakusanywa, na kilichobaki ni kumpata wa kuwaongoza. Vumilia. Lakini Alheyd, nisikilize kama kaka yako: hali ikiwa ngumu mno, na Cord akikupa njia ya heshima, usiikatae kwa sababu ya kiburi. Hakuna hapa atakayekulaumu. Nasema tena, hakuna.

Tile nimempa bia, na viatu pia.

Ludeke

*

Kambini, tarehe 14 Septemba

Bartold,

Mguu unaendeleaje? Nimekutumia chupa ya pombe kali na mpiga ngoma. Nusu ya kidonda, nusu ya koo.

Leo asubuhi ukungu ulipoinuka nilikumbuka ile baridi ya Frisia, na yule nyumbu wetu aliyekufa amesimama tukajua baada ya siku nzima. Unamkumbuka? Ulilia wewe, ingawa unakataa mpaka leo.

Henneke na wanawe hawawezi kukaa humo milele. Niambie unataka nini, nione kama nitaweza kumshawishi Aschwin. Mzinga mkubwa umeshatoka kwa watawala. Unavutwa na ng'ombe ishirini na wanne, na matope yanauchelewesha. Mimi nayashukuru matope.

Cord

*

Wolkenrode, tarehe 15 Septemba

Cord,

Pombe imefika. Ya koo imekwisha kwanza.

Namkumbuka sana yule nyumbu. Na sikulia, ulikuwa moshi. Ninachotaka ni kwamba wote waliomo humu watoke wazima, Henneke na wanawe wakiwemo. Usiponiletea hilo, usimsumbue mpiga ngoma.

Bartold

*

Wolkenrode, tarehe 20 Septemba

Kaka,

Wako wapi?

Kila alfajiri napanda mnarani natazama ukingo wa msitu. Jana niliona kitu kikisogea, nikamwita Gese, tukashikana mikono. Ilikuwa kundi la nguruwe mwitu.

Kisima kimeharibika na watu wanahara damu. Mtoto wa Metteke amekufa, msichana wa miaka mitatu, na siku mbili baadaye Metteke mwenyewe. Hinrik, mume wa Wobbeke, alipigwa risasi akiteka maji mtaroni. Mzee Eggert alikaa akiegemea ukuta na hakuinuka. Na jana Drewes, askari wetu mdogo kuliko wote, mzaliwa wa Ebbekehusen hapa hapa. Mama yake alikuwa anamtazama kutoka uani.

Wobbeke alinijia akasema anataka kuzungumza na mkuu mwenyewe. Nikamwambia amelala. Akaniangalia, akasema, "Mama, mwambie akiamka kwamba mume wangu hakuamka." Nimemzuia asimwone mtu ambaye hayupo, huku wa kwake tumemfunga kwenye gunia.

Uliniandikia mia tatu. Kama hawapo, niambie hawapo. Ninaweza kufanya uamuzi nikijua. Siwezi kuufanya nikiwa nasubiri.

Alheyd

*

Kambini, tarehe 24 Septemba

Kwa Bartold, mkuu wa ngome ya Wolkenrode

Mzinga umefika. Jumamosi asubuhi utaanza kupigwa, na baada ya risasi ya kwanza hakutakuwa na masharti kwa yeyote. Haya ndiyo ya mwisho, na Bwana Aschwin ametia sahihi pamoja nami:

Kwa kuwa mkuu wa ngome ni mgonjwa na hawezi kusimama, mimi Cord nitaingia peke yangu Ijumaa adhuhuri, niupokee mkono wake kitandani. Kisha atabebwa nje akiwa kitandani. Mkuu na wanaombeba hawataguswa na mtu, wawe nani, wawe wamefanya nini. Wanakijiji watarudi makwao. Askari wataacha silaha.

Cord
Aschwin

(Karatasi ndogo, ndani ya mkate uliokuja na barua hiyo)

Shemeji,

Hatukuwahi kuwa na nyumbu.

Siku tisa sasa najua kwamba anayeniandikia si yeye, na sijamwambia mtu. Aschwin alitia sahihi bila kuwaza kwamba mkuu wa ngome angekubali Henneke abebe kitanda chake; hakusoma vizuri, alikuwa na njaa. Kitanda kina miguu minne. Wabebaji watatu unao.

Cord

*

Wolkenrode, tarehe 25 Septemba

Cord,

Nimeisoma karatasi yako mara nyingi mpaka unga umeisha juu yake.

Siku tisa umejua, na katika siku tisa hizo watu wako wamemuua Hinrik akiwa na ndoo mkononi. Sasa unataka nikufungulie lango uingie peke yako, na nyuma yako kuna watu mia nne. Niambie kitu kimoja cha kunifanya nikuamini. Usiniambie kuhusu Frisia.

Alheyd

*

Kambini, tarehe 25 Septemba, jioni

Shemeji,

Sina. Ningekuwa nadanganya ningekuwa nacho.

Ninachoweza kukuambia ni hiki: nikiingia peke yangu, nitakuwa mikononi mwa askari wako kumi na watatu. Ukiona dalili yoyote ya hila, wewe ndiye mwenye kisu. Na kuhusu Hinrik, sikumwamuru mtu apige, wala sikumkataza. Hilo ni langu na sitakuomba uniondolee.

Cord

*

Ebbekehusen, tarehe 29 Septemba, siku ya Mtakatifu Mikaeli

Kaka Ludeke,

Nakuandikia nikiwa nyumbani kwa Gese. Ngome haiko tena mikononi mwetu. Watu wako hawakuja.

Ijumaa adhuhuri Cord aliingia. Ni mnene kuliko nilivyomkumbuka, na alipanda ngazi akihema. Nilimfungulia mlango wa chumba, nikaufunga nyuma yetu. Alikitazama kitanda kitupu muda mrefu, kisha akaketi pembeni yake taratibu, kama vile kuna mtu anayeweza kuamka.

Akaniuliza amelazwa wapi. Nikamwambia. Akaniuliza kama aliteseka, nikasema siku mbili za mwisho hakujua lolote. Sikumwambia habari ya farasi. Akafuta uso kwa kofia. "Alikuwa mbishi," akasema. "Nikadhani hata kifo atakibishia."

Halafu akanyoosha mkono. Sikuelewa.

"Masharti ni ya mkuu wa ngome," akasema. "Wiki tatu hizi ngome ameishika nani? Basi nipe wewe."

Nikampa. Tulishikana mikono juu ya kitanda cha mume wangu, na nikaisalimisha Wolkenrode.

Kitandani tuliweka magunia mawili ya shayiri, tukayafunika shuka, na upande wa kichwani blanketi. Henneke na wanawe wakashika miguu mitatu. Walikuwa wameshajua, niliwaambia asubuhi ile, na yule mdogo akatapika. Mguu wa nne niliushika mimi. Askari wetu walidhani nimefanya hivyo kwa mapenzi.

Aschwin alikuwa langoni na watu wake, safu mbili. Alipowaona wabebaji, rangi ikamtoka. Akasema kwa sauti ya chini kwamba amefanywa mjinga. Cord akamjibu kwamba sahihi ni yake. Aschwin akakaribia kitanda. Akanitazama, akalitazama shuka, akamgeukia Cord.

"Umeupokea mkono wake?"

"Nimeupokea."

"Ulikuwaje?"

"Baridi," akasema Cord.

Aschwin akashika pembe ya shuka. Mimi nilikuwa karibu naye kiasi cha kunusa kitunguu alichokula. Mti wa kitanda uliniteleza kwa jasho, na nyuma yangu nilimsikia yule kijana ameanza kusali kwa kunong'ona.

Cord hakusogea. Akasema, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Nimeahidi kwa jina la watawala kwamba hataguswa. Ukilifunua shuka hilo, ahadi unayovunja si yangu. Utawaeleza wenyewe kwa nini."

Sijui Aschwin alifikiria nini. Labda alijua. Aliishika ile pembe ya shuka nikahesabu mpaka saba, kisha akaiachia, akawapungia watu wake watupishe. Wengine walivua kofia.

Tulibeba mpaka ndani ya msitu. Hapo Henneke akakaa chini akalia kwa sauti. Wanawe wakamvuta wakaondoka naye kuelekea kaskazini. Mimi na Gese tuliyarudisha magunia kijijini tukapika uji, maana hakukuwa na chakula kingine.

Cord amekwenda zake. Nasikia aliacha utumishi Jumamosi, kabla hajaulizwa maswali.

Sikulaumu. Najua wewe ni karani tu. Lakini niambie kilichowazuia.

Alheyd

*

Lindenstede, tarehe 9 Oktoba

Alheyd,

Barua hii nimeianza mara nne.

Hakuna wapanda farasi waliokusanywa. Tarehe 8 Septemba, siku ya Kuzaliwa kwa Bikira, Askofu na watawala walitia sahihi mkataba wa siri. Askofu anabaki na mji huu na parokia za kaskazini. Watawala wanachukua vijiji vinne, kinamasi, na Wolkenrode. Makasisi wakuu wa kanisa kuu wasingekubali kamwe ngome itolewe bure, na kama ingetolewa wangemwondoa Askofu kitini. Kwa hiyo Askofu na watawala waliafikiana isiwe imetolewa. Iwe imetekwa. Mzingiro uendelee mpaka lango lifunguke, na Askofu aonekane amepokonywa. Cord na Aschwin hawakuambiwa.

Najua maneno yenyewe kwa sababu ni mimi niliyeyaandika. Nilikuwa zamu. Mistari kumi na mmoja. Siku iliyofuata Tile akanijia na barua yako.

Nilikuwa nimeapa kunyamaza, na wanaovunja kiapo kile hawafukuzwi kazi tu. Nilijiambia utasalimu amri baada ya siku tatu au nne. Nilikuandikia usikatae njia ya heshima; nilidhani utanielewa. Zile mia tatu niliziandika ili usikate tamaa, na nilipomaliza niliona nimekufunga zaidi, lakini Tile alikuwa ameshavaa viatu.

Barua yako ya tarehe 20 ninayo. Ile sikuichoma. Hata nilipoisoma sikukujibu.

Askofu amekubali upewe chumba katika nyumba ya watawa ya hapa mjini, kwa ajili ya utumishi wa Bartold. Njoo. Au niruhusu nije nikuchukue. Niambie lolote, hata kama ni tusi.

Ludeke

*

Ebbekehusen, tarehe 18 Oktoba

Ludeke,

Sina tusi. Yote niliyokuwa nayo niliyamaliza kwa jina la Bartold.

Kutoka tarehe 8 mpaka lango lilipofunguka ni siku kumi na tisa. Mtoto wa Metteke alikufa ndani ya siku hizo. Metteke, Hinrik, mzee Eggert, na Drewes pia. Siku ile ulipokuwa unaandika mistari yako kumi na mmoja, wote watano walikuwa hai, na Drewes alikuwa ananifundisha kamari.

Chumba cha watawa sikitaki. Nitakaa hapa. Watawala wameleta msimamizi wao, naye amekwisha kupita kuwaapisha watu. Walinyoosha mikono wakaapa kama walivyomwapia Askofu, kisha wakarudi kung'oa tanipu, ile mizizi ya kulisha ng'ombe, kabla ardhi haijaganda.

Hapa hakuna anayejua ulichoniandikia. Wanadhani Askofu alishindwa. Wobbeke bado anamwombea kanisani kila Jumapili, anamhurumia kwa kupoteza nchi yake. Jana alikuwa amepiga magoti karibu yangu, nami nilifumba mdomo, na nilipofika nyumbani nikaona kwamba sasa nakusaidia kazi yako. Sitaifanya.

Usije kabla ya Pasaka. Siwezi kukuona kabla ya hapo. Baada ya Pasaka njoo, kwa miguu, bila joho la ofisi. Usije kwangu kwanza. Kuna nyumba nne zenye watu waliofiwa, na utaingia kila moja, ukae, uwaambie wewe mwenyewe ulichoandika na tarehe uliyoandika. Wakikufukuza, toka uende inayofuata. Ukimaliza ya nne, kama bado una nguvu, mimi niko nyumba ya mwisho kabla ya mto, na nitakupa chakula, kwa kuwa u mtoto wa mama yangu.

Anza kwa Wobbeke. Mlango wake haufungi vizuri tangu askari waupige teke. Usipite hivi hivi. Simama nje, piga hodi, usubiri akukaribishe.

Alheyd